Punje Arobaini na Moja

Kwa miaka kumi na mmoja nililipwa mshahara ili nifundishe watu kutoanguka. Cheo changu kilikuwa Afisa Ustahimilivu wa Jamii, na kilichapishwa kwenye kadi ngumu zenye kung'aa ambazo nilizigawa kila mahali. Mara moja nilimpa trafiki wa Igoma aliyenisimamisha kwa kosa la taa. Aliisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma, akaniuliza ustahimilivu ndiyo nini. Nilimweleza kwa dakika kumi, nikamchorea na mshale hewani, akanisikiliza kwa heshima. Kisha akaandika kosa la taa kama kawaida.

Jina langu ni Yeremia Shigela. Nilizaliwa Kamanga, ng'ambo ya maji ukitokea Mwanza mjini, nikasoma hadi nikapata kazi Nyamagana na kujenga Igoma. Nina mke, Dorcas, ambaye kwenye fomu zote za mradi nilimwandika "mama wa nyumbani" huku cherehani yake ikininyima utulivu wa kuandika. Watoto wetu wako shuleni. Majirani wa Igoma nilikuwa nawafahamu kwa magari yao.

Mradi wenyewe ulizaliwa mbali. Kuna nchi moja ya baridi ambayo wakubwa wake walikaa wakatafakari, wakaamua kwamba nchi dhaifu duniani zikiimarishwa, vurugu zitapungua, watu hawatakimbia kwao, na wao huko watalala usingizi mzuri. Wakaiweka kwenye sera yao ya mambo ya nje. Sera ikashuka ngazi kwa ngazi, kutoka wizarani kwao hadi ubalozini, kutoka ubalozini hadi shirika, kutoka shirika hadi ofisi yetu ya Nyamagana, hadi ikatua kwenye kanga ambazo kina mama wa Kamanga huanikia dagaa wao. Nami sikuona ajabu hata kidogo. Niliona ni sawa kabisa kwamba dagaa wa Kamanga wawe jambo la mambo ya nje ya watu wasiojua dagaa ni nini, ilimradi katikati yao na dagaa kuna mtu wa kueleza, na mtu huyo ni mimi.

Ulipofika wakati wa kuchagua vijiji, nilihakikisha chetu kimo. Niliandika kwamba ziwa lilipopanda lilimeza mashamba yetu ya ufukweni, jambo ambalo ni kweli. Sikuandika kwamba nilitamani sana kushuka kwenye kivuko ndani ya Landkruza nyeupe yenye bendera ubavuni, mbele ya watu niliosoma nao darasa la nne na ambao bado wanakumbuka nilivyokuwa nalia hesabu zikinishinda.

Mama yangu, Bernadeta, alikuwa bado anaishi pale pale ufukweni, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Amevuka miaka sabini. Mwaka ziwa lilipopanda, maji yalikuja yakasimama kwenye migomba. Yakarudi kidogo, yakaja tena, yakachukua choo. Nilimwahidi kwamba nitamhamishia juu, kwenye kiwanja chetu cha karibu na kanisa, nimjengee vyumba viwili imara. Ahadi hiyo niliitoa mwaka wa kwanza, nikaitoa mwaka wa pili, na baada ya hapo nikawa naitoa kila Krismasi pamoja na kitenge.

"Awamu inayokuja ya mradi ikisainiwa tu, mama," nilikuwa nasema.

"Sawa, baba," alikuwa anajibu. "Ziwa nitaliambia lisubiri saini."

Kilichoniudhi kwa mama ni kuni. Nilimnunulia jiko la gesi, mtungi na kila kitu, nikalipiga picha kwa ajili ya ripoti. Lakini kila nikienda namkuta ametoka porini na mzigo wa kuni kichwani, ama anapasua magogo uani. Mtungi ulikaa miezi sita bila kuisha. Bega lake la kulia lilianza kumsumbua. Nilimletea dawa ya kuchua, nikamletea na mhadhara.

"Mama, kuni zote hizi za nini, na wewe uko peke yako?"

"Zina kazi."

"Unaharibu mazingira, na unaharibu bega."

"Nichue basi hapo nyuma, sipafikii."

Nikamchua. Niliporudi ofisini niliandika kwamba jamii bado ina mtazamo hasi kuhusu nishati safi, na kwamba kunahitajika semina zaidi. Mwanamke niliyemtolea mfano kwenye ripoti ile, "mjane wa miaka 71, bado anategemea kuni", ni mama yangu mzazi. Bosi wangu alisema mfano umemgusa sana.

Kikundi nilichokifundisha Kamanga kilikuwa na watu ishirini na wanne, wengi wao wanawake, na mwenyekiti wao alikuwa mama Paskazia. Huyu ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, ambaye hukaanga dagaa, husuluhisha ugomvi wa ndoa, na hukumbuka kila kitu. Kabla ya mradi kufika, watu hawa tayari walikuwa na chama chao cha kuzikana. Kijiji kizima kimo. Ukitokea msiba, kila mwenye kaya yake ana zamu yake: wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanaleta maji, kuni na unga, na hakuna kutuma pesa ukakaa nyumbani. Mama Paskazia huita majina yote kwa kichwa, kuanzia ufukweni kupanda hadi mlimani, na kila mtu lazima aitikie mwenyewe. Asiyeitikia mara tatu mfululizo, siku yake ikifika, watu wana shughuli nyingi.

Kwenye fomu yetu ya kuorodhesha nguvu za jamii, chama hicho hakikuwa na kisanduku chake. Kulikuwa na visanduku vya benki, ushirika, bima ya mazao, na maonyo ya hali ya hewa. Nikakiacha. Siku moja kikundi kiliomba mradi uwasaidie masufuria makubwa mawili na turubai la misibani. Nilisimama mbele yao nikawaeleza kwa upole wa mtu aliyesoma kwamba mradi haufadhili misiba, mradi unafadhili maisha. Niliipenda sana kauli ile, nikairudia hadi kwenye mkutano wa mwaka. Badala ya masufuria tuliwapa kofia ishirini na nne na mafunzo ya siku tatu ya kuchambua hatari.

Sasa nifike kwenye siku ya punje.

Alikuja mgeni kutoka wizarani kwao hasa, makao makuu ya sera yenyewe, bibi mmoja wa makamo aitwaye Marit. Alikuwa mpole, anabeba begi lake mwenyewe, na alikataa kiti cha mbele kwenye gari. Nilijiandaa wiki nzima. Nilikuwa mwezeshaji, mkalimani na mwenyeji, vyote kwa pamoja, na nilivaa fulana ya mradi iliyopigwa pasi hadi mikono ikasimama yenyewe.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Unachora maduara mchangani, kila duara ni kaya ya mfano. Kila mshiriki anapewa punje tatu za mahindi, anazitupa kwenye kaya anayoona itaanguka kwanza likija janga. Mwisho unahesabu, unajadili. Nilichora maduara sita: kaya ya mjane, kaya ya mvuvi asiye na mtumbwi, na nyinginezo. Halafu, ili wote waelewe, nikachora la saba pembeni.

"Tuseme hii ni kaya yangu mimi, Yeremia wa Igoma," nikasema. "Nina kazi, nina nyumba ya tofali, nina elimu. Basi hapa huwezi kutupa punje. Mnaona? Huu ni mfano wa kaya imara."

Waliitikia kwamba wanaona. Nikasogea kumwelezea Marit, nikasahau kulifuta duara la mfano.

Walipomaliza kutupa, niligeuka. Kaya ya mjane ilikuwa na punje tisa. Mvuvi alikuwa na kumi na mbili. Duara langu lilikuwa limejaa kama kuku wamemwagiwa chakula. Marit alichuchumaa akahesabu kwa kidole, akasema ni arobaini na moja.

Nilicheka, nikasema watu wa Kamanga ni wacheshi. Hakuna aliyecheka nami. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa wanawake, anaangalia mikono yake.

"Mama Paskazia," nikasema, "labda mmekosea duara."

"Hatujakosea," akasema, akasimama. "Ulituambia tutazame nani ataanguka kwanza. Tumetazama. Huyu wa Igoma anakula kutoka mkono mmoja, na mwenye mkono huo hajawahi kumwona. Mkono ukivutwa, kwisha. Hajui jirani yake anaitwa nani. Hajawahi kuchimba kaburi la mtu hata siku moja. Mjane wetu akianguka leo, jioni mtamkuta na watu hamsini uani. Huyu akianguka, atampigia nani simu?"

Wakanitazama, na Marit akanitazama, akisubiri tafsiri. Nilikuwa mkalimani, hilo halikuwa na pa kukwepea. Nikamwambia Marit kwa Kiingereza kwamba kikundi kinathamini sana mchango wa wafanyakazi wa mradi na kingependa wapewe ulinzi zaidi.

Marit akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka, "Nimeelewa, Yeremia. Amesema hujawahi kuchimba kaburi."

Kumbe alisoma Kiswahili chuoni miaka miwili. Alikuwa ananyamaza tu kwa adabu, ili mimi nipate kazi. Hapo ndipo kikundi kilipocheka, na kilicheka hadi mama mmoja akajifuta machozi kwa kofia ya mradi.

Ndani ya kivuko tukirudi, Marit alisimama kando yangu kwenye ukingo wa chuma. Nilidhani atanihurumia, nikajiandaa kukasirika. Akasema, "Mimi nimeishi miaka minane kwenye jengo langu. Na mimi sijui jirani yangu anaitwa nani."

Nilikasirika mwezi mzima. Nilimwambia Dorcas kwamba watu wale hawana shukrani. Dorcas aliuma pini mdomoni, anapinda sare ya shule, akauliza, "Kwani ni uongo?" Nikamwambia hajui mambo ya uwezeshaji.

Mwaka uliofuata kule kwao ulifanyika uchaguzi. Nilisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa kwa kinyozi, nikaipita kwenda kwenye mpira. Sikujua kwamba mshindi niliyempita ndiye aliyeshika mkono unaonilisha. Serikali mpya ilipoingia ilisema kuwa kuimarisha nchi dhaifu ni jambo jema, ila kwa sasa wanaimarisha ya kwao. Sera ya mambo ya nje ikageuka, na kama ilivyoshuka ngazi kwa ngazi miaka ile, ndivyo ilivyopanda ngazi kwa ngazi kurudi kwao, safari hii kwa kasi. Barua pepe ilitufikia Julai. Ilikuwa na mistari tisa. Mstari wa saba ulinishukuru kwa kusaidia kujenga jamii zinazoweza kusimama zenyewe. Siku ya Ijumaa dereva alikuja na kisu kidogo akabandua bendera kwenye Landkruza, na nilisimama nikamwangalia hadi akamaliza.

Nilipofika nyumbani nilifanya jambo la kitaalamu. Nilichukua fomu yetu wenyewe, Mpango wa Kaya wa Kukabili Majanga, niliyoitungia maswali, nikaanza kuijaza. Swali la kwanza: taja vyanzo vitatu vya kipato cha kaya. Nikaandika mshahara. Nikaandika posho. Nikaandika posho ya safari. Nikakaa nikavitazama vyanzo vyangu vitatu hadi chai ikapoa. Swali la pili: taja watu watano utakaowaendea ukipatwa na janga. Nikaandika jina la mama, nikaweka kalamu chini. Chumba cha pili cherehani ilikuwa inalia, na kuanzia mwezi ule ndiyo iliyotulisha. Dorcas aliendelea kushona. Angenisema ningepona haraka.

Nilijaribu kuku. Nilikuwa na kijitabu changu cha ufugaji, kurasa arobaini, picha zangu mwenyewe ndani. Ukurasa wa kumi na moja unasema chanja kuku dhidi ya ugonjwa wa kideri kabla ya yote. Niliwanunua siku ya soko, nikasema chanjo nitatafuta Jumatatu. Jumapili walianza kusinzia wamesimama, na Jumatano nilikuwa mfugaji mstaafu. Jirani aliyenikuta nawazika alisimama kwenye uzio, akaniuliza kama nahitaji jembe la pili. Nikamwambia hapana, asante. Sikumwuliza jina.

Mwishoni mwa Septemba mama alipiga simu.

"Baba, maji yameingia jikoni."

"Kiasi gani, mama?"

"Leo asubuhi nimekuta perege chini ya meza. Mdogo. Nimemrudisha, hajafikia kuliwa." Akacheka. Halafu akasema, bila kucheka, "Ukuta wa upande wa maji umelowa hadi kiunoni, Yeremia. Mvua za vuli zikianza, sidhani."

Hakumalizia. Mama yangu katika maisha yake yote hajawahi kuniomba kitu, na hata siku ile hakuomba, alitoa tu taarifa. Nilikaa kitandani nikashika kichwa. Nilikuwa na kiwanja na ahadi ya miaka kumi na mmoja, na sikuwa na kitu kingine. Nilikuwa na hofu ambayo sikuwahi kuiandikia ripoti: kwamba mama yangu ataangukiwa na ukuta, kwa sababu mimi nilikuwa nasubiri saini.

Usiku ule sikulala. Niliandika andiko la mradi. Mungu anisamehe, ndicho nilichokijua. Kurasa nne: utangulizi, tatizo, malengo mahususi, matokeo tarajiwa, na jedwali la utekelezaji, vyote kuhusu kumhamisha mwanamke mmoja kutoka ufukweni kwenda mlimani. Asubuhi nilipanda kivuko kwa miguu, mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nikasimama kati ya matenga ya nyanya na pikipiki. Mtu mmoja niliyesoma naye aliniona. "Afisa," akasema, "leo gari limechelewa?" Nikamwambia limechelewa sana.

Mama Paskazia nilimkuta kwenye vichanja, anageuza dagaa. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mambo ya kazi."

"Mmesikia?"

"Gari limepita barabara kuu halina bendera. Tukajua."

Nikafungua karatasi zangu, nikakohoa, nikaanza kusoma utangulizi. Nilisoma kuhusu mabadiliko ya kina cha ziwa. Alinisikiliza hadi katikati ya ukurasa wa kwanza, anaendelea kugeuza dagaa.

"Yeremia."

"Naam."

"Unataka tumhamishe mama yako?"

Nikatazama karatasi, kama jibu limo. "Ndiyo."

"Sema hivyo basi."

"Naomba mnisaidie kumhamisha mama yangu," nikasema. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na nane. "Najua sina haki. Najua mimi si mwanachama. Niambie kiingilio ni nini, niambie nianzie wapi, hata kama ni kuteka maji na kina mama, nitateka."

Mama Paskazia aliacha dagaa. Akanitazama kwa muda, kwanza kama mtu asiyeelewa, kisha kama mtu aliyeelewa na anasikitika.

"Kwani hujui?" akasema. "Wewe ni mwanachama. Siku zote."

"Mimi? Sijawahi kuja."

"Wewe hujaja. Zamu yako imekuja. Mama yako alisema mwanangu ana kaya yake sasa, jina lake liitwe. Tukamwambia mwanaume anachimba, wewe huwezi kuchimba. Akasema nitaleta kuni mara mbili, moja yangu, moja ya Yeremia. Tukakaa, tukakubali. Kila msiba, miaka yote hii, naita Bernadeta, anaitikia. Naita Yeremia Shigela, anaitikia tena."

Niligeuka nikatazama ziwa, maana sikuwa na pa kutazama pengine. Niliona mzigo wa kuni kichwani mwake. Niliona magogo uani na bega la kulia na dawa ya kuchua, na mimi nyuma yake nachua huku namhutubia kuhusu nishati safi. Bega lile lilikuwa bega langu. Nililiandika kwenye ripoti kama mtazamo hasi.

"Lakini siku ya punje," nikasema, "mlinitupia arobaini na moja."

"Tulitupia kaya yako ya Igoma, uliyoichora mwenyewe. Ungechora ya hapa tungekuambia mengine." Akarudi kwenye dagaa wake. "Kinyozi hajinyoi, ni kweli. Lakini huwa anaenda kwa kinyozi mwenzake. Tuonane Jumamosi alfajiri, na hizo karatasi niachie, nitawashia moto."

Nikateremka kwa mama. Alikuwa amekaa mlangoni, miguu kwenye tofali, anamenya mihogo. Maji yalikuwa yanalamba kizingiti cha jiko.

"Mama, kuni zile. Kwa nini hukuniambia?"

Akaendelea kumenya. "Ungeniletea mtungi mwingine wa gesi."

Nilicheka, na nilipokuwa nacheka nikalia, nikaketi chini kwenye matope na suruali yangu ya ofisini. Mama akanipa kisu na muhogo nimenye.

Jumamosi walikuja watu hamsini na zaidi. Sikuhesabu kwa mshahara safari hii, nilihesabu kwa hofu, nikaacha. Wanaume walipanda juu wakafungua mabati, wanawake wakajipanga mstari kupandisha tofali mlimani mkono kwa mkono. Mimi nilipewa kubeba milango, kwa sababu walisema milango ina vitasa vya kushikia na mtu wa ofisini hawezi kuipoteza. Kufikia saa nne malengelenge yalikuwa yamepasuka viganjani, na mzee mmoja alinifundisha kufunga kitambaa, bila kunitania hadi alipomaliza kufunga.

Mchana ulipofika ndipo aibu iliponipata sawasawa. Ugali ulipikwa kwenye masufuria madogo ya nyumbani, awamu tatu, kwa sababu masufuria makubwa hawana. Waliokula mwisho walikula saa kumi, na hao walikuwa wanawake waliopika. Hakuna aliyenikumbusha. Nilisimama na sahani yangu ya awamu ya kwanza, nikaikumbuka kauli yangu kwamba mradi unafadhili maisha, nikatamani ardhi inimeze pamoja na sahani. Nilimpelekea mama Paskazia chakula changu. Akasema nile, nisijifanye mtakatifu, kazi haijaisha.

Ilichukua Jumamosi tatu, mama akilala kwa jirani. Dorcas alikuja ya pili na ya tatu, na kwa siku mbili akajua majina ya watu wengi kuliko mimi kwa miaka kumi na mmoja. Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha siku nne baada ya bati la mwisho. Mama alilala juu, karibu na kanisa, kwenye vyumba viwili vinavyonuka udongo mbichi. Ukuta wa upande wa maji wa nyumba ya zamani, tuliouacha kwa kuwa tofali zake zilikuwa zimelowa, ulianguka usiku huo huo. Tulikuta asubuhi umelalia pale kilipokuwa kitanda chake.

Wiki iliyofuata alifariki mzee mmoja wa upande wa mlimani, baba wa mtu niliyesoma naye. Habari ilinifikia Igoma. Nikamwendea jirani yule wa uzio, yule wa siku ya kuku, nikamwomba jembe. Anaitwa Ndalahwa. Ana jembe zuri, zito. Nikavuka na kivuko cha kwanza.

Tulikusanyika uani kwa marehemu, wanaume upande huu, wanawake upande ule na mizigo yao. Mama alikuwa ameketi na mzigo mmoja wa kuni mbele yake, mmoja tu, anashika bega lake kwa mazoea. Mama Paskazia akasimama katikati akaanza kuita kwa kichwa, kuanzia ufukweni. Nilisimama nimeshika mpini kama mtoto aliyeshika kalamu siku ya mtihani.

"Bernadeta."

"Nipo."

"Yeremia Shigela."

Nikafungua mdomo. Lakini kabla sijatoa sauti, upande wa wanawake, bila hata kuinua kichwa, mama akaitikia, "Nipo."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani cha kuziba mdomo. Mama akashtuka, akaweka mkono kinywani, akanitafuta kwa macho kati ya wanaume hadi akaniona na jembe langu.

Mama Paskazia akasubiri pakatulia. Kisha akaita tena, "Yeremia Shigela."

"Nipo," nikasema.